Ribiti Zisiwe Upele

Siku ya kwanza nilipoipeleka uwanjani Spitfire yangu, modeli ya ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, mzee mmoja wa klabu aliizunguka kimya, akainama, akaniuliza kama ndege imepata surua. Nilicheka naye, lakini iliniuma. Nilikuwa nimejifungia gerejini majira mazima ya baridi nikiidondoshea matone ya gundi, tone moja kwa kila ribiti, yaani kila msumari unaoshikilia mabati ya ndege, kuanzia puani hadi mkiani, na yote yametokeza kama vipele.

Ni ndege ya rimoti, robo ya ile halisi. Spitfire yenyewe ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo yangu ina mita 2.8. Ndege ndogo unaweza kuidanganyia kwa rangi tu. Hii jua likiipiga ubavuni kila kitu kinaonekana, uongo ukiwemo.

Mkono wangu haukuwa na kosa. Nilianza kazi bila kuijua ndege. Wahandisi wa Supermarine, kampuni iliyoiunda Spitfire, walitaka kujua ni wapi lazima ribiti zilazwe sawa na bati, kazi ya gharama, na ni wapi vichwa vya duara havina madhara. Wakabandika njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti zilizolazwa, ziwe kama vichwa vya duara, wakairusha ndege, wakabandua fungu moja, wakairusha tena. Njegere zote zikiwepo, kasi ilipungua kwa kilomita kama 35 kwa saa. Basi mabawani ribiti zikalazwa, na nyuma ya rubani zikaachwa zitokeze, hadi 1943 ambapo nazo zilianza kulazwa. Kwa hiyo amua kwanza: ndege yako ni ya mwaka gani?

Mimi nilikwenda makumbusho ya Duxford na kamera. Angalizo: ndege za makumbusho hupakwa rangi upya, kwa hiyo ribiti na maungio nayasoma kwenye bati, rangi naitafuta kwenye picha za zamani.

Maungio ya mabati hutangulia. Bandika utepe wa nusu milimita, nyunyizia praima (rangi ya kwanza ya chini) nzito mara tatu nne, piga msasa wa maji mpaka utepe uchungulie, kisha ung'oe. Unabaki na mfereji mwembamba. Lakini pale bati moja linapolalia jingine hakuna mfereji. Hapo funika upande mmoja tu, nyunyizia, ng'oa, upate kidaraja ambacho ukucha unakihisi. Wengi huchora mifereji kila mahali, na ndege inafanana na sakafu ya vigae.

Ribiti za kulazwa nazipata kwa kijibomba cha shaba nyeupe nilichokinoa mdomo: nakizungusha kwa vidole juu ya praima, kinaacha alama ya duara. Za kutokeza ni gundi nyeupe ya mbao ndani ya bomba la sindano lenye sindano butu, tone moja moja kando ya rula. Likizidi, lifute kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka. Na usukani wa mkia, ambao ulivikwa kitambaa, usiuguse kwa ribiti hata moja. Mimi niliugusa.

Uzito nao una deni lake. Pua ya Spitfire ni fupi kuliko mkia wake, kwa hiyo kila gramu ya praima inayobaki mkiani utailipa kwa gramu kadhaa za madini ya risasi puani. Piga msasa bila huruma.

Kuhusu uchafu, jiulize nani alikanyaga wapi. Mlango wa rubani uko kushoto, basi rangi iliyochakaa iwe kwenye shina la bawa la kushoto. Masizi ya ekzosi na michirizi ya oili huelekea nyuma, unakopeleka upepo. Mimi hufanya nusu ya ninachotamani, natoka nje, naitazama kutoka hatua kumi, na mara nyingi sirudi kuongeza. Mwisho inapakwa vanishi isiyong'aa. Kama injini yako ni ya petroli, jaribu kwanza vanishi hiyo kwenye kibao na tone la petroli; kuna vanishi inayogeuka ujiuji.

Vile vipele nilivikwangua wikendi mbili. Chini ya bawa la kulia kuna safu moja niliyoiacha kwa uchovu. Hakuna anayeinama kutazama kule, isipokuwa yule mzee.