Sukari kupanda baada ya kukimbia: majibu kwa mleta mada

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: ulipima sukari ya damu ukakuta 7.8 (kwa mmol/L, kama namba zote za sukari hapa chini), ukakimbia kwa kasi kama nusu saa, ukapima tena ukakuta 10.4. Sasa unauliza kama mazoezi hayakufai. Yanakufaa sana. Tatizo ni kwamba ulipima ukiwa bado unahema, na kwa wakati huo mashine inakuonyesha ini lilichomwaga. Misuli itakachokula bado hakijaonekana.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari aina ya pili wa miaka mingi, na hali hiyo naiona mpaka leo nikikimbia kwa nguvu au nikinyanyua vyuma vizito. Unapojikaza, mwili unatoa adrenalini, na ini linafungua akiba yake ya glukosi ili misuli isikwame. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho linaiweka sawa ziada hiyo upesi. Letu ni zito, kwa hiyo sukari inabaki juu kwa saa moja au mbili, halafu inaanza kuteremka. Mimi nikipima baada ya muda huo, mara nyingi naikuta chini ya pale ilipoanzia. Asubuhi inayofuata ndiyo napenda zaidi kupima.

Kwa nini inashuka? Sisi wa aina ya pili kwa kawaida insulini, ile homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa seli, tunayo, angalau miaka ya mwanzo, ila misuli imekuwa sugu kwake. Insulini inabisha hodi, mlango haufunguliwi. Msuli unaofanya kazi haungoji hodi, unafungua wenyewe kwa ndani. Kitaalamu, kuna vibebaji vya glukosi vinaitwa GLUT4 ambavyo hukaa ndani ya seli ya msuli. Insulini huviita vije kwenye utando wa nje, lakini kujikunja kwa msuli nako huviita, kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo ugonjwa haujaiharibu. Ndiyo maana hata mtu ambaye dawa zinamsumbua huona tofauti akitembea.

Ukishapumzika, misuli inaendelea kuvuta sukari ili kurudisha akiba iliyotumika, na inakuwa sikivu zaidi kwa insulini kwa siku nzima, hata siku mbili tatu. Baada ya hapo faida inayeyuka. Kwa sababu hiyo Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Binafsi naona hilo la siku mbili ni muhimu kuliko hizo 150. Nimeona watu wanajichosha Jumamosi kwa saa tatu halafu wanakaa kwenye kiti wiki nzima, kisha wanalalamika vipimo havibadiliki.

Sasa nikwambie kilichonisaidia kuliko vyote, ingawa hakina sifa ya kujionyesha: kutembea baada ya kula. Sukari ya mlo kwa wengi wetu hufika kileleni kati ya saa moja na mbili baada ya kula. Ukiinuka mapema, ukatembea dakika 10 hadi 15, misuli inaanza kuichukua wakati ndiyo inaingia kwenye damu, na kile kilele kinakatwa. Huhitaji kutoka jasho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu 41 wenye kisukari aina ya pili. Waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo walilinganishwa na walipotembea dakika 30 kwa mkupuo, wakati wowote wa siku. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 walipogawa matembezi kwa milo, na baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22. Kwangu pia ni jioni ndipo naona tofauti kubwa, pengine kwa sababu ndio mlo tunaokula mwingi kisha tunakaa. Na kama kazi yako ni ya kukaa, simama kila nusu saa, hata dakika chache tu.

Vyuma usiviache kwa sababu ya kile kipimo cha juu. Msuli ndio ghala kubwa la glukosi, na ukiupoteza kwa umri unapoteza pa kuiweka. Mara mbili kwa wiki zinatosha kuanzia: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, chochote kinachokuelemea. Pumua, usibane pumzi. Mwenye macho yaliyokwisha guswa na kisukari amuulize daktari wa macho kwanza, maana kujikaza kupita kiasi kunaweza kumvujisha damu ndani ya jicho.

Upande wa hatari, kuna jambo ambalo wadau waliotangulia hapa hawakuligusa. Kila kitu kinategemea dawa unayotumia. Metformini peke yake ni nadra kukushusha sukari vibaya. Insulini, au vidonge vya kundi la sulfonilurea kama gliklazaidi na glibenklamaidi, hivyo vinaweza kukuangusha katikati ya mazoezi au hata usiku ukiwa umelala. Mimi nilipoongezewa gliklazaidi ndipo nilianza kutembea na glukosi mfukoni. Ukiwa kwenye dawa hizo na umepima chini ya 5, kula kidogo kwanza. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, simama, pima, na ikiwa chini ya 4 chukua gramu 15 za sukari ya haraka, ngoja dakika 15, pima tena. Wanaotumia dawa za presha za kundi la beta bloka wajue kwamba zinaweza kuficha mapigo ya moyo na mtetemeko. Jasho ndilo mara nyingi hubaki.

Kwa upande mwingine, ikiwa juu ya 16 na unajisikia kuumwa, una kiu kali au kichefuchefu, siku hiyo pumzika na utafute huduma. Miguu ikague kabla na baada, hasa kama imeanza kufa ganzi, kwa sababu lengelenge usilolisikia linaweza kuwa kidonda cha miezi.

Kwenye kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu hivi, mazoezi ya kudumu hushusha kwa wastani kama pointi 0.6 za asilimia. Inaonekana ndogo, lakini kuna dawa ambazo hazifiki hapo. Usiache vidonge kwa kutegemea hilo, upunguzaji afanye daktari akiwa na vipimo vyako.

Hukutaja dawa unazotumia, mkuu, wala ulikuwa umekula saa ngapi kabla ya kukimbia. Tuwekee hayo, na mara nyingine pima kabla, ukimaliza, na saa mbili baada ya hapo, tuone huo mteremko wako ukoje.