Niliokoka kwa ajili ya binti wa watu. Je, wokovu wangu ni wa kweli?

*Shangazi, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Busia upande wa Uganda, kazi yangu ni kuwajazia wafanyabiashara makaratasi ya forodha. Mwaka juzi nilimpenda binti anayefundisha Shule ya Jumapili. Baba yake akasema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu asiyeokoka. Ulipokuja mkutano wa injili uwanjani, mhubiri alipowaita watu mbele nikaenda, nikijua binti yupo pale ananitazama. Nikasema sala ya toba, wakaandika jina langu, watu wakashangilia. Moyoni sikusikia kitu. Tangu siku ile sikosi ibada wala kesha, napanga viti, ushuhuda nimeshatoa, na fungu la kumi natoa.*

*Shida ni kwamba miezi ya karibuni nimeanza kusoma Injili ya Luka peke yangu usiku, na inanishika. Nilipofika kwenye mfano wa mpanzi nikajiona mimi ndiye zile mbegu zilizoanguka penye mwamba. Tena kuna jambo la kazini. Akina mama wanaovusha maharagwe na mahindi kwenda Kenya huwa nawaambia afisa anataka chai, shilingi elfu kumi, wengine ishirini, na pesa hiyo inabaki mfukoni mwangu. Afisa hajaomba kitu. Wenzangu wengi hufanya hivyo. Mwezi ujao nabatizwa, halafu twende kwao kujitambulisha. Shangazi, nimeokoka au naigiza? Na ni lazima mchumba wangu ajue nilivyoanza?*

*Mwenye Hofu, Busia*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nasimama pale pale: afisa hajaomba kitu. Umeyaandika maneno hayo matatu katikati ya mengine, ukapita ukaenda kwenye ubatizo. Nitayarudia, maana jibu lako naliona hapo kuliko kule uwanjani. Lakini nianze na ulichouliza.

Kwamba ulikwenda mbele kwa ajili ya binti wa watu, hilo lisikunyime usingizi. Watu humwendea Yesu kwa sababu za kila namna. Yuko aliyeletwa na ugonjwa, yuko aliyeletwa na njaa, mwingine anatafuta kazi, mwingine anatafuta mtoto. Katika Yohana sura ya 6 umati mzima ulimfuata ng'ambo ya ziwa, naye akawaambia waziwazi kwamba wamemtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Hakuwafukuza. Aliwafundisha, maneno yakawa magumu, wengi wakarudi nyuma, akabaki na wale kumi na wawili. Kumbuka hata wao waliambiwa waseme kama nao wanataka kuondoka. Kilichowatenga watu siku ile ni walichofanya mafundisho yalipoanza kuwagusa pabaya. Jinsi kila mmoja alivyofika pale hakuna aliyeulizwa.

Nawe umefika hapo hapo. Kwa hiyo sikuiti mwigizaji. Mwigizaji hakeshi na Luka chumbani peke yake wakati mchumba hamwoni. Kiu hiyo ni ya kweli, na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Ila kiu bado si kufuata. Mtu anaweza kuzipenda nyimbo, akaupenda ushirika, akalipenda hata Neno lenyewe, na maisha yake yakaendelea kama yalivyokuwa. Mbegu za penye mwamba ulizozisoma zilipokelewa kwa furaha, Luka ameandika hivyo. Zilikosa mizizi tu, na mizizi haionekani na wanaopita njiani. Hakuna kanisa Busia linaloweza kukuchimbua likaona kama unayo. Viti unavyopanga havitaonyesha, ushuhuda wako hautaonyesha.

Sisi Waganda, namaanisha sote wa nchi hii, tumeiona imani ikigharimu na tumeiona imani ikilipa. Wasomaji wa kwanza, ndivyo Wakristo wa mwanzo walivyoitwa, kwenye ua la Kabaka, mfalme wa Buganda, walijifunza Injili kwa Kiswahili kabla haijachapwa kwa Kiluganda, kama wewe unavyoisoma leo. Vijana wale walijua wanachojiingiza. Wamisionari Wakatoliki walimtaka mtu asome miaka minne kabla ya kubatizwa. Kizito, aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote kati ya wale tunaowaita Mashahidi wa Uganda, hakuipata miaka hiyo. Karoli Lwanga, shahidi mwenzake, alimbatiza usiku huko Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka, Wakatoliki kwa Waanglikana, kwa kuwa hawakuikana imani. Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Jamaa zake walimsihi akane aokoe maisha. Alikataa.

Baada ya miaka kama kumi na tano tu mambo yakageuka. Kufikia Mkataba wa Buganda wa 1900, Ukristo ulikuwa ndio mlango wa uchifu, na uchifu ukaja na ardhi ya mailo, yaani mashamba makubwa ya kumiliki yaliyopimwa kwa maili za mraba. Vyeo viligawanywa kwa kuangalia mtu anasali wapi. Hapo waliobatizwa wakawa wengi mno, na siwezi kusema wote walikuwa waongo, lakini mtu mwenye akili alijua kinacholipa. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulipotoka Gahini kule Rwanda na kuenea Uganda miaka ya 1930, ulilikuta kanisa limejaa watu wa namna hiyo. Simeoni Nsibambi, mmoja wa viongozi wa uamsho huo, na wenzake hawakuwauliza watu kama wamebatizwa, maana walikuwa wamebatizwa tayari. Walihubiri toba. Na toba ile ilikuwa na miguu: mtu alimwendea jirani kumrudishia jembe lake, mwingine akampelekea tajiri wake pesa alizomwibia, mume akamwambia mke ukweli. Mpaka leo ukienda kwenye ushirika wa wazee wa uamsho utasikia habari za vitu vilivyorudishwa kuliko habari za maono.

Ndiyo maana nakurudisha kwa yule mama wa maharagwe.

Mtazame vizuri. Amefika mpakani kabla jua halijapanda, magunia yake yako juu ya baiskeli ya mtu anayetaka kulipwa, pesa amezifunga kwenye pindo la leso. Anakuja kwako kwa sababu unajua kusoma fomu naye anaziogopa. Wewe unajua, yeye hajui, kwamba mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, yanavushwa kwa kile cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani, na ushuru wa forodha haudaiwi. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Badala ya kumwambia, unamtajia afisa mwenye njaa ambaye hayupo. Anafungua lile fundo la leso, anakuhesabia elfu kumi. Pengine ndiyo faida yake yote ya siku. Halafu Jumapili sehemu ya kumi yake inaingia kwenye bahasha ya sadaka na jina lako juu.

Najua nimesema kwa ukali. Nimesema hivyo kwa sababu nakuona unajipima kwa hisia za siku ile uwanjani, ulisikia kitu au hukusikia, na kipimo kiko kwenye meza yako ya kazi kila asubuhi. Usemi wa "wenzangu wengi hufanya hivyo" uufute kabisa. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru, Luka sura ya 3, wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na watoza ushuru wa siku zile nao walikuwa na wenzao wengi.

Endelea na Luka mpaka sura ya 19, umsome Zakayo polepole. Alipanda mkuyu akitaka tu kumwona Yesu ni mtu wa namna gani. Alikuwa na hamu ya kutazama, kama wewe. Yesu akaingia kwake, na kabla siku haijaisha Zakayo alikuwa amesimama anataja pesa: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile.

Basi fanya hivi. Kuanzia kesho asubuhi chai ya uongo ikome. Kazi yako ya kujaza makaratasi ni halali na ina malipo yake. Mtajie mama bei yako wazi, na umweleze kuhusu kile cheti hata kama atajifunza kukiomba mwenyewe usimwone tena. Kisha chukua daftari. Nakala za makaratasi unazo, majina yamo. Andika wale unaowakumbuka na unachokisia kwa kila mmoja, ukikosea ukosee kwa kumpa zaidi. Huenda huna pesa zote. Lipa kidogo kidogo kila mwezi, usiingie mkopo wa riba. Kama umeshaweka akiba ya suti na ya karamu, anzia hapo. Mwendee kila mmoja peke yake, umwambie: "Mama, zile pesa nilizosema ni za afisa, nilizila mimi. Hizi ni zako. Naomba unisamehe." Usimtajie Biblia hapo. Baadhi watakusamehe papo hapo, wengine watakutukana, na yuko atakayetangaza soko zima. Wenzako watakukasirikia kwa kuwaharibia. Na yule afisa uliyemchafulia jina bure, msafishe kwa wale uliowadanganya. Usiobahatika kuwapata, pesa zao mpelekee mama mwingine wa pale mpakani aliyepungukiwa, bila kutaja jina lako. Kwenye bahasha ya sadaka usiziweke, maana huko zinaandikwa na kukuletea sifa.

Na ushuhuda wa jambo hili usiutoe kanisani sasa. Ukiutoa mapema utapigiwa makofi, na umeshazoea makofi mno.

Sasa mchumba wako. Ndiyo, lazima ajue, na ajue kutoka kwako kabla ya ubatizo. Anapanga kuishi nawe miaka yake yote akiamini kwamba ile siku ya uwanjani ilikuwa kati yako na Mungu. Usimwandikie kwenye simu. Mtafute mchana mahali penye watu lakini pasipo na wa kusikiliza, umwambie yote mawili, ulivyokwenda mbele kwa ajili yake na ulivyokuwa unakula pesa za akina mama. La pili usiliache. Akina dada wengi husamehe haraka jambo la kwanza kwa sababu linawapendeza kidogo, mtu kuvuka uwanja kwa ajili yao. La pili ndilo litamwonyesha anaolewa na nani, na karamu yake ilikuwa inalipiwa na nani. Mpe muda wa kukasirika. Usimwombe jibu siku hiyo.

Baba yake utamwendea baadaye, kupitia mchungaji. Mzee aliweka sharti akidhani linamlinda binti yake. Namheshimu, ingawa naona sharti lile limefundisha vijana kusema sala ya toba kama wanavyotafuta mahari, na wazazi wa nchi hii wangelifikiria upya. Mwuliza habari za mkwe akaulize sokoni, kwa wanaomdai na anaowadai.

Mchungaji naye mweleze yote, umwombe asogeze ubatizo wako. Tarehe ya kwenda kwao isiwe ndiyo inayoamua tarehe ya kuingia majini. Sisemi ungoje miaka minne kama wale wa zamani. Ngoja mpaka umeanza kurudisha, mpaka umesema ukweli kwa binti, na uone kama ungali unataka kubatizwa wakati hakuna ndoa inayokusubiri upande wa pili. Mchungaji mwema hatakasirika. Akikuharakisha kwa sababu orodha imeshachapwa, mwambie kwa heshima kwamba hauko tayari.

Nimebakiza jambo moja ambalo hukuniuliza, nadhani kwa woga. Inawezekana atakukataa. Anaweza kukuambia hapana, na baba yake akakufungia mlango. Ikiwa hivyo, Jumapili ile ile uende ibadani, kanisa lile lile kama hamtaumizana, au lingine la jirani, ukae nyuma, usipange kiti hata kimoja. Utalia, na huenda usisikie kitu kama siku ile ya uwanjani. Nenda hivyo hivyo, na usiku fungua Luka pale ulipoishia.

Uniandikie ukishazungumza naye. Na jina la yule mama wa kwanza kwenye daftari lako nitaliombea hata bila kulijua.

Shangazi