Mwanangu anaitwa mtukutu shuleni: ni rangi yake au ni malezi?

Dada, nimekuelewa: mwalimu wa chekechea huko Ohio amekuita mara tatu kuhusu mwanao wa miaka 4, na mzazi mmoja amekudokezea kwamba watoto weusi ndivyo walivyo. Rangi ya ngozi haimpi mtoto tabia. Inachobadilisha ni jicho la anayemtazama. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011–2012 zilionyesha kwamba watoto weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa shule za awali, lakini asilimia 48 ya waliosimamishwa zaidi ya mara moja. (Naam, wapo wanaomsimamisha shule mtoto wa umri huo.)

Hata hivyo, usiliweke kando suala la malezi. Mtoto aliyefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa anaweza kuonekana kule kuwa mkaidi, na wangu, aliyejua Kiswahili tu, aliwasukuma wenzake kwa miezi kadhaa kwa sababu hakuwa na maneno ya kuomba zamu ya bembea. Alipoyapata, ugomvi ukapungua. Mwombe mwalimu aandike saa, mahali na kilichotangulia kila tukio, kisha ulinganishe na unayoyaona nyumbani. Ikiwa ni shule ya umma, una haki ya kupewa mkalimani. Akiwa amechelewa kusema, halali vizuri au anajiumiza, usingoje: mwone daktari wa watoto, na uombe kwa maandishi wilaya ya shule (mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo lenu) imfanyie mtoto tathmini, ambayo hailipiwi. Wakitaka kumsimamisha, usikubali maneno ya simu, dai barua.