Muulize Fundi wa Plastiki: Ndoo ngumu inayopasuka

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha mashine ya kutengenezea ndoo za poliethilini ngumu. Bosi ameagiza tuchanganye unga wa mawe ya chokaa, asilimia 30 kwa uzito, ili tuokoe plastiki. Ndoo zimekuwa ngumu kweli, ila zikianguka zinapasuka, na presha ya mashine imepanda. Karatasi ya aliyetuuzia mchanganyiko inaonyesha mtiririko haujashuka sana. Kosa liko wapi?
*Wa zamu ya usiku*

Jibu: Marahaba. Kabla ya yote tafuta mizani, upime ndoo mbili, ya zamani na ya sasa. Kama ya zamani ilikuwa na gramu 500, ya sasa itakaribia 620. Kalibu inayoipa ndoo umbo haijui kilo, inajua nafasi. Sentimita moja ya ujazo ya chokaa ina gramu 2.7, ya poliethilini kama 0.95. Ndani ya hizo gramu 620, plastiki ni kama 435. Bosi anaamini ameokoa asilimia 30, kumbe ni 13 tu. Mweleze kwa upole. Hakuna aliyepandishwa cheo kwa kumshinda bosi hesabu.

Presha nayo inatoka hapo hapo. Asilimia 30 ya uzito ni kama 13 ya ujazo. Einstein, ndiyo, yule yule, alionyesha kwamba punje ngumu za mviringo zikiwa chache ndani ya kimiminika, mnato, yaani ugumu wa kutiririka, huongezeka mara 2.5 ya sehemu ya ujazo iliyochukuliwa na punje. Kwako hiyo ni karibu theluthi nzima, na ni makadirio ya chini, maana yeye alihesabu punje zilizoachana mbali. Zako zinasukumana. Zikishikana madonge, kila donge hufungia plastiki ndani yake, na plastiki hiyo haitiririki tena.

Ile karatasi haijakudanganya, imekubembeleza. Kipimo chenyewe cha mtiririko huyeyusha plastiki kwa nyuzi 190, huikandamiza kwa uzito wa kilo 2.16, kisha hupima gramu zinazotoka kwa dakika 10. Gramu! Uji wenye chokaa ukitoka kidogo, mizani bado inausifu kwa sababu ni mzito. Omba kipimo cha ujazo.

Sasa kupasuka. Chokaa haipindi, kwa hiyo ugumu umeupata bila jasho. Lakini ndoo ya poliethilini haiokolewi na ugumu inapoanguka, huokolewa na kuvutika. Punje ndogo iliyotawanyika vizuri hujibandua wakati wa pigo na kuacha kitundu, na plastiki iliyo kati ya vitundu huvutika na kumeza nguvu ya pigo. Ndiyo maana unga mzuri uliochanganywa vizuri unaweza hata kuongeza uvumilivu. Donge ni jambo jingine kabisa: huo ni ufa uliokwisha kuanza.

Niliwahi kuhangaika wiki nzima na vifuniko vilivyokuwa vikikatika pembeni. Nikabadilisha joto, nikapunguza kasi, nikamshuku hata mwenzangu wa zamu. Mwishowe nikakata kifuniko kimoja kwa wembe pale ufa ulipoanzia, nikakiangalia kwa lenzi. Palikuwa na doa jeupe kama kichwa cha pini. Nililigusa kwa ncha ya sindano, likamwagika vumbi: unga mkavu, plastiki haikuwahi kuufikia katikati. Tulikuwa tunaumwaga moja kwa moja kwenye hopa, yaani mdomo wa kulishia mashine, na skrubu moja ya mashine ya aina hiyo kazi yake ni kuyeyusha na kusukuma. Kuvunja madonge haiwezi.

Kwa hiyo usitie unga mkavu. Nunua chembechembe ambazo chokaa imeshachanganywa ndani yake kwa mashine ya skrubu mbili, na uulize kama unga umepakwa asidi ya steariki. Mafuta hayo huzuia punje kung'ang'aniana, presha hushuka, na madonge hupungua. Anza na asilimia 10, kisha panda polepole. Kila hatua angusha ndoo kadhaa zilizojaa maji kutoka kimo kile kile, na uzipoze kwanza, kwa sababu ndoo yenye vuguvugu husamehe makosa mengi. Ikipasuka moja, usiitupe. Tafuta ufa ulipoanzia, na wembe uwe karibu.