Uganda hatukaribishi joto, tunakaribisha mvua

Ndugu uliyeuliza kama huku Uganda tuna sherehe ya kuaga baridi kama zile za Ulaya mwezi wa tatu: hatuna. Barabara ya Kampala kwenda Masaka inakata ikweta pale Kayabwe. Joto halijatuhama, tulikaribishe la nini? Februari jua linapokausha migomba hakuna anayecheza ngoma. Kinachongojewa ni mvua, sehemu nyingi ile ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, na desturi za majira nilizozikuta zote zimefungwa humo.

Nzito kuliko zote niliiona Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini mashariki, nilipokuwa nikifanya kazi mji wa Moroto. Kiangazi vijana huhama na ng'ombe kufuata malisho. Mvua ikichelewa, wazee hukutana kwenye akiriket, uwanja wao mtakatifu, huchoma dume la ng'ombe kwa mkuki, hukaa nusu duara kwa kufuata rika na kuomba. Mgeni hukaa pembeni, nami nilikaa pembeni.

Lakini mimi ni mtoto wa kambi ya polisi Masaka, ndani Kiswahili, nje Kiganda, kwa hiyo msimu kwangu ni wadudu. Kumbikumbi huja na mvua. Kuna wanaopiga vijiti juu ya kichuguu ili wadhani inanyesha, watoke. Wazuri, ila hawafiki kwa senene, wale panzi wa kuliwa.

Novemba kwa Kiganda ni Museenene, mwezi wao kabisa. Kabla ya umeme waliokotwa alfajiri kwenye majani, wakiwa wamelowa umande hawawezi kuruka. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto. Mke akimletea mumewe senene, mume alipaswa kumnunulia gomesi, lile gauni refu la heshima la Kiganda, na mke mwenyewe alikatazwa hata kuonja! Jaja (mzee) mmoja jirani yetu alikuwa akitusimulia hayo huku anatafuna. Mwiko umekufa, gomesi bado zinadaiwa. Ukoo wa Nsenene pekee ndio hawali, maana ndiye mnyama wa ukoo wao. Sisi watoto tulipenda sana kukaa karibu nao wakati wa chakula.

Siku hizi ni biashara. Mabati yanasimamishwa juu ya mapipa, taa kali zinawashwa, majani mabichi yanachomwa. Senene hufuata mwanga, moshi unawalevya, wanagonga bati na kuteleza ndani ya pipa. Wakamataji wanaokesha chini ya taa zile bila miwani asubuhi macho yanawawasha, mekundu kama pilipili. Umeme ukikatika usiku wa mavuno, usiwasemeshe.

Kukaanga si kazi: mafuta yao wenyewe yanatosha, weka chumvi na kitunguu. Kinachochosha ni kunyonyoa mabawa na miguu. Ukija Novemba, mwambie mama wa sokoni akupe walionyonyolewa tayari, hata kama kikombe kitakuwa ghali kidogo.