Maswali ya wasomaji: Cheti cha bima ya mzigo wa meli kinataka muhuri wa nani?

SWALI: Wakili shikamoo. Nipo Tanga, nauza karafuu na pilipili manga, nimepata mnunuzi Dubai tumekubaliana CIF (yaani mimi muuzaji nalipia nauli ya meli na bima) mpaka bandari ya Jebel Ali, malipo kwa LC (barua ya benki ya kuahidi kulipa nikileta nyaraka sahihi). Sasa kaniambia cheti cha bima kithibitishwe na notari (wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati) pamoja na ubalozi. Aliyenikatia bima anasema hiyo kitu hajawahi kuisikia, na kuna kijana hapa anasema nimpe cheti orijino na hela kidogo atanimalizia yote. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marhaba. Cha kwanza kabisa, hicho cheti orijino usimpe mtu usiyemjua, tafadhali sana. Cheti cha bima ukishakisaini nyuma mgongoni kinahamishika, anayekishika ndo anaweza kwenda kudai fidia, na benki yako ikikikosa hela ya LC hutaiona.

Sasa chukua LC yako uifungue kwenye kipengele 46A, pale ndo zimeorodheshwa nyaraka zote zinazotakiwa. Benki inalipa kwa kile kilichoandikwa pale, haiendi kwenye mlichoongea WhatsApp. Kama pale pameandikwa tu cheti cha bima basi hamna cha notari wala ubalozi, wanachoangalia ni UCP 600, kanuni za kimataifa ambazo benki zinafuata kwenye LC, kifungu cha 28: cheti kimetolewa na kusainiwa na kampuni ya bima au wakala wake (kavanoti, ile hati ya muda ya bima, hawapokei), kiasi cha bima kisipungue asilimia 110 ya thamani ya CIF, yaani mzigo wa dola 40,000 ukatiwe bima ya dola 44,000 kwenda juu, tarehe isiwe baada ya siku mzigo ulipopakiwa, na kama cheti kinasema zimetolewa orijino mbili basi upeleke zote mbili. Watu wengi wanaangukia hapo kwenye tarehe na kwenye hizo orijino mbili, wala sio kwenye muhuri.

Ila kama 46A inataka uthibitisho wa ubalozi, hapo mnunuzi wako yuko sahihi na safari ni ndefu kidogo. Tanzania haimo kwenye mkataba wa The Hague wa 1961 wa apostili (cheti kimoja cha kuthibitisha hati, kinachokubaliwa na nchi wanachama bila kupita ubalozi), na Falme za Kiarabu nazo hazimo, kwahiyo unapita njia ya zamani: wakili mwenye muhuri wa notari, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wao Dar es Salaam, alafu kule kwao mnunuzi anamalizia Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Kila ofisi inathibitisha sahihi ya ofisi iliyotangulia, basi, hakuna hata moja inayosoma bima yako inasema nini. Na muda unakubana, mana LC isiposema vingine una siku 21 tu toka mzigo upakiwe kuwasilisha nyaraka benki. Mimi ningekuwa wewe ningemwomba mnunuzi leo hii arekebishe LC kabla karafuu hazijaingia kwenye kontena, aondoe hilo sharti la ubalozi au aongeze siku. Mnunuzi mwenye nia njema hawezi kugomea hilo, na akigoma angalau umejua mapema mzigo ukiwa bado ghalani kwako.

Kama anataka tu kopi iliyothibitishwa kwa mafaili yake, hiyo ni rahisi. Nenda mwenyewe na orijino, wakili aione kwa macho yake, na mpige kopi pande ZOTE MBILI. Nasisitiza hapo kwasababu nimeziona kopi nyingi za mbele tu, wakati sahihi ya kuhamisha haki iko nyuma, na mara nyingi masharti ya bima nayo yako huko huko. Angalia pia muhuri usigongwe juu ya namba ya cheti, ikishafunikwa kopi hiyo inarudishwa.

SWALI: Habari wakili, niko Mombasa. Nililetewa mashine za kushona kutoka China, bima alikata muuzaji huko huko. Kontena kufunguliwa, maboksi ya chini yote yamelowa na mashine zimeshika kutu. Nimeandika kiapo kwa wakili akagonga muhuri, kampuni ya bima ya China imekikataa. Nimechoka kwa kweli.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hasara hiyo inauma. Uwezekano mkubwa muhuri uliogongewa ni wa kamishna wa viapo. Huyo kiapo chake kinatosha mahakama za Kenya, lakini hati inayovuka mpaka kwa kawaida inataka notari, na Kenya notari ni cheo cha peke yake, sio kila wakili anacho. Ukishampata notari, Msajili wa Mahakama Kuu anathibitisha sahihi yake, inafuata Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa China. China imeanza kutumia apostili Novemba 2023 lakini Kenya haimo, kwahiyo kwako hiyo haikusaidii.

Lakini kabla hujalipia hata muhuri mmoja waulize kwa imeili wanataka hati gani hasa na ya nini, mana madai ya kawaida ya bima yanakwenda na cheti orijino, bili ya shehena (hati ya kampuni ya meli ya kupokea mzigo), invoisi, packing list (orodha ya vilivyopakiwa), ripoti ya sevea (mkaguzi wa hasara) na barua uliyoiandikia kampuni ya meli. Notari anahitajika zaidi pale unapompa wakili wa kule hati ya uwakilishi akusimamie mahakamani.

Na ripoti ya sevea ndo roho ya madai yako. Kwenye cheti pameandikwa ripoti hasara kwa nani, mpigie huyo leo na maboksi usiyatupe. Sevea atadondosha dawa ya silver nitrate kwenye boksi lililolowa, ikigeuka nyeupe kama maziwa kuna chumvi, inaelekea ni maji ya bahari, isipogeuka ni mvua au jasho la kontena (unyevu wa ndani unaogeuka matone). Hiyo tofauti ni kubwa, kwasababu CIF inamlazimisha muuzaji kukata kiwango cha chini tu, Clause C (bima za mzigo zina ngazi tatu, A, B na C), na kwenye C haimo hasara ya maji ya bahari kuingia kwenye kontena, B inayo, A inayo. Kiangalie cheti chako kinasema herufi gani. Kama ni C basi nguvu zako zote zielekeze kwa kampuni ya meli: uharibifu usioonekana kwa nje unatoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 toka upokee mzigo, na kesi inafunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Siku 3 zikipita haki haifi, ila kazi ya kuthibitisha inakuwa nzito kwako. Mwaka ukipita ndo imekwisha. Kwahiyo usikubali huu mzunguko wa mihuri ukumalizie miezi.

Safari ijayo kata bima hapo hapo Kenya, sheria nayo inataka hivyo kwa mizigo inayoingia na imeanza kusimamiwa tangu Januari 2017, na utadai kwa kampuni unayoweza kuifikia kwa matatu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nataka kaka yangu aliye Dar anifuatilie madai ya bima ya mzigo wangu. Nimeambiwa nigonge apostili tu. Ni kweli?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Oman ina apostili tangu 2012 lakini inafanya kazi nchi zote mbili zikiwemo, na Tanzania haimo. Ukiituma Rwanda au Burundi inaeleweka, wao ni wanachama. Kwa Dar hati yako ya uwakilishi ithibitishwe huko Oman kisha ipite ubalozi wa Tanzania hapo Muscat. Taja humo namba ya cheti cha bima na namba ya bili ya shehena, na jina la kaka yako liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.