Walinicheka kwa kontena la makande, leo presha imeshuka

Wiki hii dada mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Da'ngu, natoka kazini giza limeshaingia na chipsi zinakaangwa pale pale kituoni. Wewe muda wa kupika unautoa wapi?" Nimefurahi sana kuulizwa.

Mimi nipo Moshi mjini. Presha ilipopanda, muuguzi aliniambia chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, haifiki hata kijiko cha chai kilichojaa. Chipsi mayai ya mchana inanyunyiziwa chumvi, inamwagiwa tomato na pilipili ya chupa. Utajuaje umekula kiasi gani? Na mafuta yenyewe yamekaangia tangu asubuhi mpaka yamekuwa meusi. Jikoni kwangu chumvi naitia mwenyewe.

Nikaanza kubeba chakula. Ofisini wakanibatiza "Mama Makande", na mmoja akaniuliza mbele ya wageni kama mshahara umeniishia. Iliniuma, na hadi leo nikipita kwenye meza yake nakumbuka. Lakini kliniki ya mwezi huu presha imesoma vizuri, dawa nameza kama nilivyoandikiwa, na tumbo la gesi limeniacha. Najivunia, sifichi.

Muda unatoka Jumamosi. Nashuka soko la Mbuyuni nanunua maharage, mahindi ya kukoboa, ndizi, mboga ya mnafu na parachichi. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, nachemsha sufuria kubwa, nagawa kwenye vikopo na kuweka friza. Katikati ya wiki nikirudi nimechoka, ninachofanya ni kukaanga kitunguu na nyanya tu. Mnafu unaiva upesi. Usipokuwa na friji, pika ya jioni na ya kesho mchana, na asubuhi yachemshe tena kabla ya kufunga. Huko Arusha soko la Kilombero lina kila kitu, nenda mapema.

Jamani, wote tunahangaikia kiwanja, gari na ada za watoto. Tutavifaidi na mwili upi? Uchagani mzazi akijifungua anapikiwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, apate nguvu na maziwa. Mtoto huyo huyo akifika darasa la kwanza tunamfungia chipsi baridi na soda, na soda ya nusu lita huwa na sukari karibu gramu 50! Mama mwenzangu, baba mwenzangu, mfungie kiburu (ndizi na maharage) cha jana usiku na chupa ya maji. Akikataa Jumatatu, Jumanne mfungie tena.